Kitabu kipi cha Washington au Lincoln umpe mtoto wa darasa la tatu

Dada mleta mada, umeuliza mambo mawili. Mwanao wa darasa la tatu hapa Marekani amepewa kazi ya kusoma wasifu wa rais mmoja na kuusimulia mbele ya wenzake, muda uliobaki ni mfupi, na unataka kujua aanze na kitabu gani. Pili, una wasiwasi kwamba vitabu hivi huwapamba mno hawa watu, mtoto mweusi akavisoma akabaki na picha isiyo ya kweli. Wadau waliotangulia wamekwambia beba chochote, ni kazi ya shule tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Watoto wangu wote wamepitia kazi hiyo hiyo ya Februari, mwezi waliozaliwa Washington na Lincoln, na nimejitolea muda mrefu kwenye upande wa watoto wa maktaba ya umma ya mtaani kwetu. Vitabu hivi nimevisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa.

Nianze na ushahidi kwamba si kazi ya shule tu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alifariki Desemba 1799. Mwaka uliofuata, mhubiri mmoja aliyekuwa pia akizunguka kuuza vitabu, Mason Weems, akatoa kitabu cha maisha yake. Katika toleo la 1806 akaongeza kisa ambacho kila mtoto wa Marekani anakijua: Washington mdogo kaukatakata mcheri wa baba yake kwa kishoka, alipoulizwa akasema hawezi kusema uongo. Weems alidai alisimuliwa na bibi mmoja mzee wa ukoo ule, jina hakulitaja, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuleta uthibitisho. Kisa kikaingia kwenye vitabu vya kusomea mashuleni na mpaka leo hakijatoka.

Lakini kitabu hicho hicho kilifika Indiana, mikononi mwa kijana maskini ambaye muda wake wote wa kukaa darasani maishani haukutimia mwaka mmoja. Kijana huyo ni Abraham Lincoln. Inasimuliwa kwamba aliazima nakala ya jirani, mvua ikailowesha, ikabidi amfanyie jirani kazi shambani kuilipa. Februari 1861, akiwa njiani kwenda jijini Washington kuapishwa urais, alisimama mbele ya Seneti ya New Jersey akaeleza kwamba alikisoma kitabu cha Weems utotoni, na kwamba habari za mapigano ya Trenton, ya vita vya uhuru vya Marekani, zilimkaa kichwani kuliko nyingine zote. Aliwaza kwamba lazima Washington na askari wake walipigania kitu kikubwa kuliko kawaida. Huyo ni mtu anayekwenda kuongoza nchi inayopasuka vipande, na anachokikumbuka ni kitabu alichosoma akiwa mtoto. Ndiyo maana siwezi kumwambia mzazi abebe chochote.

Sasa namna ya kuchagua. Kwenye maktaba nyingi za huku wasifu wa watoto hukaa rafu yake peke yake, umepangwa kwa jina la ukoo la anayesimuliwa, kwa hiyo vitabu vyote vya Washington utavikuta vimekaa pamoja. Chukua viwili au vitatu, kaa chini, na kabla ya kusoma mwanzo fungua kurasa za mwisho. Je, mwandishi ameeleza habari zake amezitoa wapi? Halafu fungua katikati. Ukikuta mazungumzo marefu kati ya rais akiwa na miaka sita na mama yake, neno kwa neno, jua yametungwa. Kuna mfululizo maarufu wa utoto wa Wamarekani mashuhuri ulioanza mwaka 1932 ambao umejengwa hivyo, na maktaba bado zinao. Ni vitamu kusoma, watoto wanavipenda, na mimi sivikatazi nyumbani. Ila mtoto aambiwe hii ni hadithi iliyotungwa juu ya mtu wa kweli, na asiipeleke darasani kama ushahidi.

Kwa Washington nina kipimo kingine, na hiki ndicho ninachokuomba ukishike: tafuta majina ya watu waliomtumikia. Washington alirithi watumwa kumi akiwa na miaka kumi na moja, baba yake alipofariki. Alipokufa yeye, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa zaidi ya 300. Chini ya nusu walikuwa wake, na wengi wa waliobaki walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha. Kitabu kinachosema “alikuwa na shamba kubwa” kikapita, hicho kirudishe rafuni. Kinachosema “alikuwa na watumwa” kimejitahidi. Kizuri ni kile kinachokupa jina: William Lee, aliyekuwa naye vitani miaka yote na ambaye ndiye pekee aliyeachiwa huru papo hapo na wosia wa Washington. Ona Judge, binti aliyemhudumia Martha, akatoroka Philadelphia mwaka 1796 wakati bosi wake ndiye rais wa nchi. Alitafutwa, hakurudishwa, akaishi New Hampshire mpaka kifo chake mwaka 1848. Hercules, mpishi hodari, alitoroka Februari 1797.

Huyu Hercules anastahili mstari wa ziada. Januari 2016 kilitoka kitabu cha picha kuhusu yeye na binti yake wakimwokea Washington keki ya siku ya kuzaliwa, nyuso zimejaa tabasamu. Wazazi, wakutubi na walimu wakalalamika, na mchapishaji, Scholastic, akakiondoa sokoni mwezi huo huo. Siku aliyotoroka Hercules, kwa rekodi zilizopo, ni tarehe 22 Februari, siku ya kuzaliwa ya Washington. Mtoto wa miaka minane akiambiwa hivyo anaelewa kuliko angehubiriwa saa nzima.

Na usiogope kwamba ni mdogo. Binti yangu aliuliza swali moja tu tuliposoma habari za Ona: kama Washington alipigania uhuru, kwa nini alimtafuta? Nilimjibu kwamba alipigania uhuru wa watu wa aina yake na akawanyima wengine mpaka alipokufa, na kwamba yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja. Aliliandika swali lake kwenye kazi yake kama lilivyo. Mwalimu aliliacha darasa zima lilijadili.

Kwa Lincoln mambo ni rahisi zaidi kwa sababu ya kitabu kimoja, wasifu wa picha wa Russell Freedman uliotoka 1987. Mwaka uliofuata ulipewa medali ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto ambayo mara nyingi huenda kwa hadithi za kubuni. Hakuna mazungumzo yaliyotungwa humo. Kuna picha halisi za kamera na nyaraka, na mtoto anauona uso wa mtu ukizeeka ndani ya miaka michache ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maandishi ni mengi kwa darasa la tatu, hivyo someni pamoja kidogo kidogo. Freedman hamfanyi Lincoln malaika: unaona wazi kwamba mwanzoni lengo lake lilikuwa kuokoa muungano wa nchi, na msimamo wake juu ya utumwa ukakua mpaka tangazo la kuwaachia huru watumwa la 1 Januari 1863.

Rais Theodore Roosevelt ni kipenzi cha watoto wa kiume, na kwetu sisi watu wa Pwani ana jambo la pekee. Vitabu vya wadogo hupenda kisa cha dubu: mwaka 1902 huko Mississippi alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, katuni ikachorwa gazetini, duka moja la Brooklyn likaanza kuuza mwanasesere wa dubu mwenye jina lake. Ni kweli alikataa. Vingi havisemi kwamba aliagiza dubu yule, aliyekuwa ameumia, auawe kwa kisu. Havisemi pia kwamba aliyemkamata ni Holt Collier, mwindaji mweusi aliyezaliwa utumwani na aliyekuwa kiongozi wa msafara. Halafu 1909, mara tu baada ya kutoka Ikulu, Roosevelt alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini. Wawili hao waliua wanyama 512 katika safari ile, na vielelezo vikapelekwa makumbusho ya Smithsonian. Wakati huo huo ndiye rais aliyehifadhi misitu mingi kuliko waliomtangulia. Mwanao kama ana babu upande wa Mombasa au Voi, huyu atamfaa, maana atakuwa na la kusema ambalo mwenzake yeyote darasani hana.

Obama najua ndiye unayemfikiria. Vitabu vingi vya watoto juu yake vilitoka kwa haraka 2008 na 2009, hivyo vinaishia siku ya kuapishwa. Tafuta kilichoandikwa baada ya 2017, na uangalie baba yake amepewa nafasi gani. Mtoto aelewe kwamba mzee yule alirudi Kenya, wakaonana mara ya mwisho Obama akiwa na miaka kumi, na akafa ajalini mwaka 1982. Watoto wengi wa diaspora wana baba wa mbali namna hiyo, na wanastahili kulisoma hilo likiwa limesemwa wazi.

Kwa kuwa umesema muda ni mfupi, ushauri wangu ni Lincoln, na sehemu ya kusimulia iwe ya Grace Bedell. Alikuwa na miaka kumi na moja, anaishi Westfield, New York, akamwandikia Lincoln Oktoba 1860 kwamba uso wake umekonda mno, afuge ndevu, wanawake watawasukuma waume zao wampigie kura. Lincoln akamjibu ndani ya siku chache bila kuahidi chochote. Februari iliyofuata treni yake ilisimama Westfield, akamwita Grace kutoka kwenye umati, naye tayari ana ndevu. Kila kipande cha kisa hiki kina karatasi nyuma yake, kwa hiyo mwenzake akimuuliza “umejuaje?” atakuwa na jibu.

Kama mwalimu ameshampangia rais mwingine, nitajie hapa hapa nikuangalizie.