Saratani ya chini inaweza kupanda ziwani?

SUALI: Dokta assalaam alaykum. Mimi niko Wete, Pemba. Mwaka jana mama yangu akiwa na miaka 46 aligundulika ana saratani ya njia ya haja kubwa, akapelekwa Ocean Road Dar akapigwa mionzi na dripu za kemo, yaani dawa za saratani, baadae akapasuliwa akawekewa mfuko wa choo tumboni, alhamdulillah akarudi nyumbani na nguvu zake. Sasa ana kivimbe ziwa la kushoto, hakimuumi, ukikigusa kinakimbia. Daktari anasema huenda ni ile ile ya chini imepanda, shangazi anasema ugonjwa wa choo uende ziwani wapi na wapi, hiyo ni hasad, na kaka anataka ziwa likatwe haraka. Tumsikilize nani?
Binti, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, poleni sana. Msikilizeni daktari. Ni jambo la nadra mno, maana katika saratani 100 zinazoonekana ziwani, zilizotoka kiungo chengine ni kama 2 au chini ya hapo, na hizo za kutoka utumboni ndio chache zaidi, lakini zipo. Damu ya utumbo mkubwa karibu yote hupitia ini kwanza, sasa ile sehemu ya mwisho kabisa karibu na njia ya haja ina mishipa inayolikwepa ini, inamwaga kwenye mshipa mkubwa unaoingia moyoni, ikitoka hapo ni mapafu halafu mwili mzima, na ziwa limo. Shangazi mwambieni kwa adabu, dua asiache ila kipimo kisingoje.

Na kipimo chenyewe ni kuchukua kipande kidogo cha nyama ya kivimbe, tena kwa sindano nene, kwa sababu kwa mkono hakuna anaejua, hata mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, haitoshi. Kivimbe kilichohamia mara nyingi ni cha duara na kinacheza, lakini hata faibroadenoma ambayo si saratani iko vivo hivo, na mama anaweza pia kuwa na saratani mpya ya ziwa. Maabara wanakitia rangi maalumu, zile za utumbo, CK20 na CDX2, zikishika na zile za ziwa, GATA3 na vipokezi vya estrojeni, zisishike, basi inaelekea imetoka utumboni. Mwende na karatasi za majibu ya mwaka jana, na muulize kama kile kipande cha mwanzo bado kimehifadhiwa, huwa kinawekwa kwenye kibonge kidogo cha nta, ili vilinganishwe. Hili msilisahau tafadhali, watu wengi wanapanda boti wanavuka na mgonjwa, mafaili yamebaki kabatini.

Kaka nae avute subira. Ikiwa imetoka chini, hata ikikaa ziwani inabaki ni saratani ya utumbo, inatibiwa kwa dripu za utumbo kama oksaliplatini na fluorourasili, vidonge vya saratani ya ziwa kama tamoksifeni havitoisaidia. Tena ikifika ziwani aghlabu ipo na kwengine, kwa hiyo lazima apigwe picha ya CT ya kifua na tumbo kwanza, kukata ziwa kabla ya hapo ni kumuongezea kidonda na kuichelewesha kemo. Operesheni ina nafasi yake, mfano kivimbe kikichimbika kikatoa damu.

Sitokuficha, ikithibitika imepanda hiyo ni hatua ya 4, yaani imeshasambaa, na kupona kabisa ni shida, ila dawa zinaweza kumpa muda na nafuu. Mwambieni mama ukweli, mwili ni wake, nakereka sana nikiona mgonjwa anazungukwa na watu wanaojua yote yeye hajui kitu.

Na nyie watoto wake mkifika miaka 36, yaani miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, muanze kupimwa utumbo kwa kamera, na yeyote akiona damu kwenye choo kabla ya hapo asijitibu bawasiri kwa dawa za dukani, aende hospitali.