Usiunganishe WhatsApp yako na kompyuta ya kazini

Mkuu, usiskani hiyo QR. Umeuliza kama ni salama kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta uliyopewa na kazi, kama bosi anaweza kusoma ujumbe wa pembeni, wa watu wawili, kwenye Slack na Teams, zile programu za mawasiliano ya kazini, na programu ipi ni salama kuliko zote. Naanza na hilo la kwanza kwa sababu ndilo litakalokuumiza, na huyo aliyekujibu "tumia tu, imesimbwa" amenipandisha hasira.

Maneno hayo hayo niliambiwa na jamaa wa TEHAMA kazini kwangu. Na ni kweli, tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp yanasimbwa, yaani yanageuzwa maandishi yasiyosomeka, kutoka simu ya mtumaji hadi kifaa cha mpokeaji, hata wenye WhatsApp hawayasomi yakiwa njiani. Lakini yakishafika lazima yafunguliwe ili wewe uyasome, na yanafunguliwa kwenye skrini. Skrini ni ya mwajiri. Zipo programu za ufuatiliaji zinazopiga picha ya skrini kila baada ya muda, zipo zinazorekodi kila kitufe unachobonyeza, zipo zinazomtumia msimamizi taarifa ukiandika neno fulani. Hakuna hata moja inayohitaji kuvunja usimbaji. Ni sawa na kuifunga barua kwa lakiri, kisha ukaisoma kwa sauti tarishi akiwa bado mlangoni.

Mimi nilimwamini yule jamaa, nikaunganisha. Wakati huo mdogo wangu alikuwa anaumwa, na kundi letu la familia ndilo lililokuwa likibeba kila kitu: majibu ya vipimo, zamu za kulala naye hospitali, nani kalipia dawa. Dirisha la WhatsApp lilikuwa wazi pembeni ya kazi siku nzima. Humo humo nilikuwa naongea na rafiki kuhusu nafasi ya kazi kwingine. Siku ya tathmini, ofisa utumishi akaniwekea mezani karatasi zilizobanwa kwa pini: picha za skrini yangu, kila moja na tarehe na saa pembeni. Ya kwanza ni ile ya kazi mpya, hiyo niliitegemea nilipoona tu sura zao. Nikafunua ya pili, nikakuta majibu ya vipimo vya mdogo wangu, na chini yake wameipaka kalamu ya manjano sentensi yangu, "kesho nitatoka mapema". Yaani kuna mtu amekaa, amesoma ugonjwa wa mtoto wa watu asiye mwajiriwa wao, akauchapa na kuutolea nakala ili apate ushahidi wa mimi kutoka mapema! Cheo nilichokuwa nakisubiri kiliishia kwenye kikao hicho. Cheo nimekwisha kukisamehe. Hilo la mdogo wangu bado.

Na yule jamaa wa TEHAMA ndiye aliyeiweka programu hiyo kwa mikono yake. Nilipomfuata akanijibu, "Uliuliza kuhusu WhatsApp, hukuuliza kuhusu kompyuta." Mtu wa aina hiyo ndiye anayekushauri wewe sasa hivi, kwa hiyo nivumilie nikipaza sauti.

Usijifariji na sheria pia. Mhandisi wa Romania, Bogdan Bărbulescu, alichunguliwa na mwajiri wake kwenye Yahoo Messenger Julai 2007. Wakatoa kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo aliyoongea na mchumba wake na ndugu yake, kisha akafukuzwa kazi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia Januari 2016, na Baraza lake Kuu likaja kumpa ushindi Septemba 2017, kwa sababu mahakama za kwao hazikupima ipasavyo kama aliarifiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiwango gani. Miaka kumi! Na sera ya matumizi ya vifaa uliyosaini siku ya kwanza bila kuisoma, kuna uwezekano mkubwa arifa hiyo imo ndani.

Ndiyo maana swali la programu ipi nalipuuza. Uliza kwanza kifaa ni cha nani. Signal, programu nyingine ya ujumbe uliosimbwa, ni nzuri, naitumia, lakini ukiifungua kwenye mashine ya kazi inapigwa picha kama nyingine yoyote. Slack na Teams hizo ni mali ya kazi tangu mwanzo: kwenye baadhi ya vifurushi vya Slack mwenye akaunti ya kampuni anaweza kuruhusiwa kutoa hata ujumbe wa watu wawili, na kwenye Teams ulichokifuta kinaweza kubaki kimehifadhiwa kama kampuni imeweka utaratibu wa kutunza kumbukumbu. Andika humo yale tu ambayo bosi akiyasoma hutahangaika.

Mambo yako binafsi yakae kwenye simu yako, kwa bando lako. Na wakikuomba uweke programu ya usimamizi, ile ya mwajiri kudhibiti kifaa, kwenye simu hiyo, kataa au dai simu ya kazi. Kama ni Android na huna namna, angalau iwe ile ya wasifu wa kazi, yenye alama ya mkoba kwenye programu za kazini, kwa kuwa ile inatenga upande wao na wako.

Kama umeshaunganisha, chukua simu sasa hivi. Fungua WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, utaona kila kompyuta iliyounganishwa na lini ilitumika mara ya mwisho. Gusa hiyo ya ofisini, iondoe. Usisubiri ufike kazini kesho uitolee kule kule, maana ukishaifungua tu ile skrini, wamepiga picha nyingine.