CAR-T kwa limfoma: kinyama kwanza, tiketi baadaye

Swali: Baba ana mitoki shingoni. Daktari anahisi limfoma, saratani ya tezi za kinga. Tumpeleke India moja kwa moja kwa CAR-T, tiba ya seli zake za kinga zinazobadilishwa maabara ili zishambulie saratani?

Bado. Kuhisi si majibu ya maabara, na swali hili linaletwa kila mara bila kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Mzee atolewe tezi nzima, asichomwe sindano nyembamba tu, kisha wapime CD20 na CD19, alama za juu ya seli ambazo dawa hulenga. Asimeze prednisoloni kabla ya hapo, kwani tezi hunywea na kinyama hakisomeki. Wangapi wamemaliza dawa za TB kwa kukisiwa tu, huku mitoki ikizidi kukua! Limfoma ya seli B kubwa, aina mojawapo ya limfoma, huanza na R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, mara nyingi mizunguko 6 kila siku 21, na wengi hupona hapo. CAR-T ni ya limfoma iliyokataa dawa au iliyorudi.

Swali: CAR-T inatibu Hodgkin, ile aina nyingine ya limfoma?

Hapana. Zilizoidhinishwa kwa limfoma hulenga CD19, na seli za Hodgkin kwa kawaida hazina.

Swali: Dada amekubaliwa Mumbai. Atafanyiwa nini?

Damu itapita kwenye mashine saa kadhaa, seli T, yaani askari wa kinga, zichujwe, nyingine irudi mwilini. Akipewa bendamustini, dawa ya saratani, karibuni, seli zitakazovunwa huwa dhaifu, basi mwulizeni daktari wenu mapema. Maabara hutumia kirusi kisichozaana kuzipandikizia jeni ya kuitambua CD19, kisha huzizalisha. Hesabuni wiki 2 hadi 4. Hufuata siku 3 za fludarabini na siklofosfamidi, dawa za kupunguza seli za kinga za zamani, ili seli mpya zipate nafasi, mapumziko ya siku chache, halafu dripu fupi.

Hatari huja baada ya dripu. Homa ya 38, presha kushuka, oksijeni kupungua: madaktari humpa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga iliyochachamaa, miligramu 8 kwa kilo, isizidi 800. Ulizeni kama ipo wodini kabla seli hazijaingia. Ubongo pia huweza kuathirika, hivyo kila siku aandike sentensi ileile. Mwandiko ukivurugika au akikwama kutaja vitu, mwiteni muuguzi papo hapo. Kaeni karibu na hospitali kwa muda watakaowapa; Marekani ilitaka wiki 4 hadi 2025, ilipopunguza kuwa 2. Asiendeshe gari pia hadi aruhusiwe; huko zilikuwa wiki 8, nazo zikapunguzwa kuwa 2.

Swali: Bei imeshuka kweli?

Ndiyo. Yescarta, CAR-T ya Marekani, ilianza huko mwaka 2017 kwa dola 373,000. NexCAR19, CAR-T ya India iliyoidhinishwa huko Oktoba 2023, iliingia sokoni kwa takriban sehemu ya kumi ya bei za Marekani. Chumba cha wagonjwa mahututi na pango la nyumba ni juu yenu. Kabla ya kuuza shamba, jueni pia kwamba katika utafiti wa ZUMA-1 wa Yescarta, takriban 43% walikuwa hai baada ya miaka 5.

Swali: Mgonjwa wetu aliwahi kuugua homa ya ini B. Lazima tuseme?

Semeni leo. Kinga ikishuka, kirusi kilicholala huamka na ini linaweza kushindwa kazi. Dawa ya kukizuia huanzwa kabla ya tiba, msingoje macho yawe manjano.