Jibu: Vijana wanaacha kozi ya bure ya kompyuta, intaneti inakwama

Salamu ndugu. Nimekuelewa: vijana 24, laptopu 8 kuukuu, masomo yote ni video za mtandaoni, na kufikia wiki ya tatu nusu yao hawaonekani. Usiwalaumu bado. Anza na intaneti: video nane zikivutwa pamoja kwenye laini moja, kila mmoja anaishia kutazama kiduara kinachozunguka.

Weka Kolibri, programu ya bure ya kuhifadhi masomo na kuyatumia bila intaneti, kwenye laptopu yenye diski kubwa. Pakua masomo mara moja tu, kisha laptopu nyingine ziunganishe kwa Wi-Fi ya ruta, hata kama haina intaneti. Kwenye kivinjari cha hizo nyingine andika anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ya laptopu yenye Kolibri, ikifuatiwa na :8080. Isipofunguka, kagua kwanza ulinzi wa Windows unaozuia miunganisho, halafu mpangilio wa ruta unaokataza vifaa kuonana. Laptopu yenye Kolibri isiachwe ilale. Ikilala, darasa zima linakatika. Usipakue chaneli nzima, yaani mkusanyiko mzima wa masomo ndani ya Kolibri, itajaza diski. Chagua mada za wiki mbili.

La mashine ndilo linaloniuma zaidi. Watatu kwa laptopu moja maana yake mmoja anashika kipanya, wawili wanachungulia begani, na hao wanaochungulia ndio wanaoacha. Gawa zamu mbili za vijana 12, wawili wawili kwenye mashine 6, ya saba iwe akiba, ya nane ni ile yenye Kolibri. Kila dakika 15 wabadilishane kiti, kwa saa ya ukutani, si kwa hiari. Na kila mmoja atoke na faili alilolihifadhi mwenyewe kwenye folda yenye jina lake.