Ukienda Kumtazama Kinyozi wa Sevilla, Soma Kisa Kwanza

Mara ya kwanza kuingia ukumbi wa opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa, hapa Ujerumani ninakofanya kazi, sikujua lolote. Walikuwa wakionyesha Il barbiere di Siviglia, yaani Kinyozi wa Sevilla, ya mtunzi Gioachino Rossini. Nyumba ya mzee Bartolo ilijaa kamera za ulinzi, na Rosina, msichana anayefungiwa ndani, alishika simu. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikodolea macho tafsiri iliyopita juu ya jukwaa, na kila nikimaliza mstari, kicheko kimeshapita.

Nikarudi baada ya wiki mbili, kisa nimeshakisoma. Kuna pahala Figaro, yule kinyozi, anamshauri Rosina amwandikie mpenzi wake mistari miwili. Rosina anaona haya, kisha anatoa barua aliyokwisha kuiandika zamani! Ndivyo ilivyo tangu 1816, opera hii ilipoonyeshwa Roma mara ya kwanza. Pale jukwaani hapakuwa na karatasi: aligeuza simu tu, ujumbe uko tayari. Utamu wote uko kwenye kujua kilichobadilishwa.

Kwa hiyo soma kwanza. Robo saa inatosha: kabaila Almaviva anampenda Rosina, Bartolo, mlezi wa Rosina, anataka kumwoa yeye mwenyewe, na Figaro kinyozi ndiye mpanga hila. Kisha sikiliza wimbo wa Don Basilio, mwalimu wa muziki, kuhusu kashfa. Anasema kashfa ni kijiupepo. Huanza chini chini, hupita sikio hadi sikio, mwisho hulipuka kama mzinga, na okestra inapanda nao hatua kwa hatua. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa. Uvumi umetokana na kuvuma, na upepo ndio huvuma. Mwili ulinisisimka.

Usinunue kiti cha pembeni kabisa kwa sababu ya bei. Vichekesho vingi hutendeka kwenye kona usiyoiona. Bora ghorofa ya juu, katikati. Na ule kabla, maana onyesho huchukua karibu saa tatu pamoja na mapumziko.

Wapo wanaochukia simu na kamera ndani ya kazi ya kale. Mimi nazipenda, mradi zisiufunike muziki. Mlio wa simu katikati ya wimbo uliniudhi kwelikweli.

Mwezi ujao wanaionyesha tena. Nimemkatia binamu yangu tiketi, na kisa nimeshamsimulia chote, hata ile ya barua.