Laini ya Nne Haijazwi kwa Majina

Meneja mmoja kijana wa klabu ya hoki ya barafuni ameniandikia: "Shikamoo kocha. Tumemaliza msimu tukiburuza mkia. Laini ya kwanza ninayo, ya pili nitaiungaunga, ila ya tatu na ya nne ni mapengo matupu. Nusu ya bodi inataka nilete wageni kutoka nje, nusu inataka nipandishe vijana. Fedha ya kufanya yote sina. Nifuate upande gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza wakati mzuri. Msimu wetu umeisha juzijuzi, na timu ninayoifundisha, ambayo kila mtu alishaizika, imeingia kwenye mtoano ikiwa na vijana watatu na wageni wawili katika laini mbili za chini. Nina la kusema, na nitalisema hapa hadharani, maana najua wengi mnaonisoma mnabeba mzigo huohuo: timu inafungwa, mfuko umetoboka, na bado mnataka kupanda.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mabosi wengi wa klabu hawaipigi. Siku ya mechi kikosi cha kawaida kina washambuliaji 12 katika laini nne, yaani vikundi vya watatu watatu vinavyoingia barafuni kwa zamu, mabeki sita na makipa wawili. Mchezo ni dakika 60. Laini yako ya kwanza ikicheza dakika 20, ya pili ikacheza 17, zinabaki dakika 23. Zaidi ya theluthi ya mechi iko mikononi mwa watu ambao bodi haiwajui hata kwa sura. Timu dhaifu inafungwa humo. Mastaa wanapumzika benchini, mpinzani anaingiza laini yake ya tatu, na kisahani, kile tunachokipiga kwa magongo, hakitoki kwenye eneo lako mpaka kipa achoke.

Mimi nimekuwa mmoja wa watu wa dakika hizo 23. Timu iliyonileta ilikuwa inazama, ikanichukua katikati ya msimu. Nilipokewa uwanja wa ndege, nikavishwa skafu, nikapigwa picha. Nilikotoka nilikuwa senta, mshambuliaji wa katikati, wa kulinda. Kazi yangu ilikuwa kuingia timu inapocheza pungufu, mwenzetu akiwa ametolewa kwa adhabu, na kushinda kisahani kila mchezo unapoanzishwa karibu na lango letu. Kazi hiyo niliifanya miaka yote na niliijua vizuri sana. Pale hakuna aliyeniuliza. Mechi ya kwanza nikawekwa winga ya kulia. Iliyofuata, winga ya kushoto. Baada ya hapo nikawa naingizwa kipindi cha tatu, tukiwa tumeshapigwa, kwa zamu mbili au tatu za sekunde 40. Nikirudi benchini naambiwa, "Tunakuangalia."

Kulikuwa pia na barafu yenyewe. Nililelewa kwenye viwanja vya upana wa mita 30; hivi vilikuwa vya Amerika Kaskazini, takriban mita 26. Asiyecheza mchezo huu ataona mita nne si kitu. Kwa mchezaji, ni ile nafasi aliyozoea kugeukia pembeni, sasa imekaliwa na beki mwenye mabega mapana. Kila hesabu ya kichwani inatakiwa kufanyika mapema zaidi. Nilihitaji wiki chache za kucheza mfululizo ili mwili ujifunze upya. Sikupewa. Mkataba ukavunjwa kabla ya msimu kuisha, na habari hiyo niliipata kwa wakala wangu, si kwa kocha. Kisha nikasoma gazetini meneja akisema wageni wa bei nafuu hawana moyo wa kupigania jezi.

Miaka imepita, nimesimama kwenye benchi nyingi, na sentensi ile bado inaniuma. Naieleza kwa sababu sasa hivi, mahali fulani, kuna kijana aliyetoka mbali anaambiwa hivyohivyo.

Basi jibu langu kwako ni hili: swali la kijana au mgeni ni la pili. La kwanza ni kazi. Kila nafasi ya laini ya tatu na ya nne iwe na kazi inayojulikana kabla hujatafuta mtu. Nani atacheza pungufu? Nani ataanzisha mchezo upande wa kushoto wa lango letu? Nani atakaa mbele ya kipa wao akipigwa magongo ya mgongoni bila kulalamika? Ukishajua kazi, mtu wake utamwona, awe na miaka 19 au 29, awe jirani yako au ametoka ng'ambo ya bahari.

Ushahidi uko kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na anayetaka kujifunza aitazame vizuri Philadelphia Flyers ya mwaka 2013 na 2014. Mwaka 2013 walikuwa wamekosa mtoano. Wakamchukua Michael Raffl, Mwaustria aliyekuwa akicheza Leksands, timu iliyokuwa daraja la pili Sweden. Hakuwa ameitwa kwenye drafti yoyote, yaani ile siku klabu zinapogawana wachezaji chipukizi kwa zamu. Msimu wa 2014–15 akafunga magoli 21. Kiangazi cha 2014 wakamwongeza Pierre-Édouard Bellemare, Mfaransa aliyekuwa klabu ya Skellefteå huko Sweden, naye pia hakuitwa kwenye drafti. Alikuwa na miaka 29. Umri huo mameneja wengi wanafunga faili. Lakini Flyers hawakumleta afunge magoli. Walimleta acheze laini ya nne na acheze pungufu, na ndicho alichokifanya tangu mechi ya kwanza.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana mfano huu huwa nawapa wachezaji wangu kila mwanzo wa msimu. Mwaka 2017 Vegas Golden Knights waliingia NHL kama timu mpya, wakilazimika kujenga kikosi kuanzia mwanzo. Katika kujenga kikosi walifanya mambo mawili ambayo yanafaa kuwekwa sambamba. Walimsaini Vadim Shipachyov, mmoja wa masenta wakubwa wa KHL, ligi kuu ya Urusi, kwa miaka miwili na dola milioni 9. Pia wakamchukua Bellemare kutoka Flyers kwenye drafti ya timu mpya, ambayo huiruhusu timu mpya kuchagua wachezaji wa klabu nyingine, na Tomáš Nosek, Mcheki ambaye klabu ya Detroit ilikuwa imemtoa Pardubice ya kwao bila drafti. Shipachyov alianza kwa kushushwa timu ya chini, akapandishwa, akacheza mechi tatu na kufunga goli moja, akarudi Urusi kabla baridi haijaanza vizuri. Nosek ndiye aliyefunga goli la kwanza kabisa la Vegas kwenye uwanja wao wa nyumbani, Oktoba 10, 2017. Yeye na Bellemare walikuwa watu wa laini ya nne ya timu iliyofika fainali ya Kombe la Stanley msimu uleule wa kwanza.

Simsemi vibaya Shipachyov. Alikuwa mchezaji mkubwa na aliendelea kufunga alikorudi. Ninachosema ni kwamba klabu ilinunua jina kabla ya kulitafutia mahali pa kucheza. Bellemare na Nosek walijua wanaingia barafuni kufanya nini.

Mfano mwingine ni San Jose Sharks. Mwaka 2015 walikosa mtoano baada ya kuucheza misimu kumi mfululizo. Wakaenda Finland wakamsaini Joonas Donskoi kutoka klabu ya Kärpät. Florida, klabu nyingine ya NHL, walikuwa wamemwita kwenye drafti ya 2010 na wasimsaini. Mwaka mmoja baadaye Donskoi huyohuyo alifunga goli la muda wa nyongeza lililoipa San Jose mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Pittsburgh.

Upande wa vijana, soma habari za timu mbili. Edmonton Oilers walipata chaguo la kwanza la drafti mwaka 2010, 2011 na 2012, kisha tena 2015. Vipaji vilimiminika. Na bado walikaa misimu kumi mfululizo bila kuuona mtoano, mpaka 2017. Watoto waliachiwa timu nzima bila wakubwa wa kutosha wa kuwabebea zile dakika ngumu. Toronto Maple Leafs walishika mkia wa ligi msimu wa 2015–16 kwa pointi 69. Msimu uliofuata waliwapa msimu kamili Auston Matthews, Mitch Marner na William Nylander kwa pamoja, lakini hawakuwaacha peke yao: walimsaini Matt Martin, mzoefu wa kupiga mabega, na laini ya nne wakampa nafasi Nikita Soshnikov, Mrusi waliyemsajili kutoka nje bila drafti. Walimaliza na pointi 95 na wakaingia mtoano. Kijana anahitaji mtu mzima kando yake. Hilo sitachoka kulisema.

Turudi kwetu. Nilipokabidhiwa klabu hii, kikao cha kwanza mjumbe mmoja wa bodi aliniwekea mezani orodha ya majina, wote ni wafungaji wa zamani waliochoka, na kila mmoja angekula nusu ya bajeti. Nilikataa. Niliandika kazi sita za laini mbili za chini nikazibandika ofisini. Vijana watatu niliwatoa timu yetu ya chini ya miaka 20. Hao kazi yao ilikuwa kukimbia, kumsumbua beki wa wapinzani kona kwa kona, na kurudi. Wageni wawili niliwatafuta kwa kutazama mikanda ya mechi usiku kucha, na sikutazama magoli yao hata kidogo. Nilitazama wanafanya nini wakiwa pungufu na timu yao imeshafungwa. Mmoja alikuwa akijilaza mbele ya mashuti wakati mechi imeshapotea. Huyo nilimpigia simu asubuhi yake. Nafasi ya sita alibaki mkongwe wetu, ambaye wote walitaka aondoke.

Mwanzo ulikuwa mzito. Mashabiki waliimba nifukuzwe. Sikubadilisha laini. Wale wageni niliwaahidi kwamba hawatatolewa kikosini kabla miili yao haijazoea barafu yetu, na ahadi hiyo niliitunza hata tulipofungwa vibaya nyumbani. Kufikia nusu ya msimu, wapinzani walikuwa hawataki kukutana na laini yetu ya nne. Tulianza kushinda mechi za goli moja, zilezile tulizokuwa tukizipoteza.

Siku tuliyofuzu mtoano, sherehe ilifanyika, hotuba zikatolewa, na mfungaji wetu bora akapewa zawadi. Anastahili. Lakini hakuna aliyewataja wale sita, na mimi jina langu lilipita kama salamu. Nilisimama nikawaambia wale vijana mbele ya wote kwamba wao ndio walioiokoa klabu. Nasema tena hapa: ni wao.

Wewe unayejenga timu, najua unawaza mikataba, kwa hiyo tulizungumze hilo. NHL wana utaratibu mzuri wa kujifunzia. Anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 hupata mkataba wa kuanzia wa miaka mitatu. Wa miaka 22 au 23, miaka miwili. Wa 24, mwaka mmoja. Anayetoka Ulaya akiwa na miaka 25 hadi 27 naye hupata mwaka mmoja. Mshahara una kikomo, na klabu haiwezi kuwa na mikataba zaidi ya 50. Ndiyo maana timu yenye matatizo ya fedha huwakimbilia watu hawa: bei inajulikana na hatari ni ndogo. Pia mwenye miaka 18 au 19 anaweza kucheza mpaka mechi tisa za ligi bila mwaka wa kwanza wa mkataba wake kuhesabika. Chukua wazo hilo hata kama ligi yako haina kanuni hiyo. Mpe kijana mechi kadhaa za mfululizo, mwambie mapema ni ngapi, na mwambie kazi yake ni ipi. Usimwingize leo, ukamtoa kesho, ukamrudisha wiki ijayo halafu ukalalamika hana msimamo.

Kwa mgeni, mwaka mmoja unatosha, lakini uwe mwaka kamili. Mleteni kabla ya kambi ya maandalizi, si katikati ya msimu mkiwa mnazama. Kumbukeni pia ratiba: anayetoka ligi kuu ya Sweden amezoea mechi 52 za msimu wa kawaida, wakati msimu wa NHL ulikuwa wa mechi 82 kwa miaka mingi. Mwili wa mgeni unaweza kugoma baada ya miezi mitatu hata kama moyo upo, na kocha mwenye akili humpumzisha kabla hajaumia. Mtafutieni nyumba. Mtafutieni mtu wa kuongea naye lugha yake. Na mkitaka kumwacha, aambiwe na kocha mwenyewe, uso kwa uso.

Nawaomba sana mlizingatie hilo la mwisho, makocha wenzangu. Mchezaji wa laini ya nne amewapa mgongo wake usimamishe mashuti. Mnamdai nini zaidi?

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, usiende kwenye bodi na majina. Nenda na kazi sita. Waulize wao wangependa nani azifanye, halafu uone kama kuna atakayetaja mfungaji aliyestaafu. Kwa bajeti uliyonieleza, mimi ningechukua vijana wanne na mgeni mmoja, huyo mgeni awe senta wa kucheza pungufu, na mkongwe mmoja nisimwachie kwa gharama yoyote. Ukishapata mikanda ya masenta unaowafikiria, nitumie. Nitaitazama yote, na nitakwambia nani wa kumpigia simu kwanza.