Maswali ya mwendokasi yenye x na y: kijana wako hajakwama kwenye kukokotoa

Mkuu, umesema kijana wako wa kidato cha pili akipewa milinganyo miwili ya x na y anaimaliza fasta, ila likija swali la maneno, la basi au boti, anaikodolea macho karatasi. Wa namna hiyo nimewafundisha sana tuisheni, na karibu wote wanakwama palepale: wanaandika x kabla ya kuamua x ni kitu gani.

Chukua basi linalotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, saa 12 asubuhi na kuingia stendi ya Msamvu, Morogoro, saa 2 na nusu. Tufanye ni kilomita 170 na halisimami popote (najua, hilo basi halipo). Kwenye makazi, yaani Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese na kwingineko, dereva anatii kibao cha 50, yaani kilomita 50 kwa saa. Akitoka hapo anakwenda 80. Ametembea 80 kwa muda gani, na 50 kwa muda gani?

Muda wenyewe tu unawapoteza wengi. Saa zetu zinaanza upya baada ya 12, kwa hiyo kuna mtoto atachukua 12 atoe 2. Na atakayepata saa mbili na nusu ataandika 2.30, wakati dakika 30 ni nusu saa, yaani 2.5. Kagua hapo kwanza kabla hujamlaumu kwa algebra.

Sasa x iwe saa alizokwenda 80, y iwe saa alizokwenda 50. Muda wote: x + y = 2.5. Umbali wote: 80x + 50y = 170. Basi, milinganyo imekamilika. Zidisha wa kwanza kwa 50 upate 50x + 50y = 125, utoe kwenye wa pili: 30x = 45, x = 1.5, y = 1. Kilomita 120 kwa 80, kilomita 50 kwa 50.

Usimwache aishie hapo. Muulize ile 30 na ile 45 ni nini. Kama basi lingekwenda 50 mwanzo mwisho, kwa saa mbili na nusu lingemaliza kilomita 125, zimepungua 45. Kila saa moja ya 80 inaongeza kilomita 30 juu ya 50. Kwa hiyo zinatakiwa saa moja na nusu za 80 kuziba hizo 45. Mtoto akiliona hilo, kule kutoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine hakuwi tena mazingaombwe ya ubaoni.

Halafu mbadilishie: basi lile lile, dereva anadai ametumia saa mbili kamili na hajavuka 80. Kwa njia ile ile 30x = 70, x inatoka saa 2 na dakika 20, na y inatoka dakika 20 hasi. Darasani kwangu hapo ndipo wanapoamka. Hakuna dakika hasi barabarani, kwa hiyo dereva anadanganya, kuna mahali alikanyaga zaidi ya 80, na kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa mabasi cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kilipiga kelele.

Kwa nini nilichagua muda kuwa x na y? Kwa sababu umbali ni mwendokasi mara muda. Ukiweka herufi kwenye vyote viwili unapata herufi mara herufi, na milinganyo ya kawaida haikusaidii tena. Kwa hiyo atazame swali limempa nini. Limempa mwendokasi, herufi ziende kwenye muda. Angeweza pia kuziweka kwenye umbali, jibu ni lile lile, ila atapambana na sehemu za 80 na 50 bila sababu.

Likimpa muda, herufi ziende kwenye mwendokasi. Mtumbwi wa mashine kwenye mto Rufiji unashuka na maji kilomita 24 kwa saa 1.5, unarudi njia ile ile kwa saa 2. Kushuka ni 16 kwa saa, kupanda ni 12. Mashine iwe m, maji yawe j: m + j = 16, m − j = 12. Jumlisha, 2m = 28, mashine inakwenda 14 na maji 2. Hili ni jepesi kuliko la basi, lakini wengi wanalikimbia kwa kuwa hawaamini kwamba maji nayo yana mwendokasi wake.

Leo usiku mpe la basi, na umkataze kukokotoa chochote mpaka aandike kwa maneno kamili: "x ni saa ambazo basi lilikwenda 80." Akiandika "x ni basi", mrudishe.